Pemba Niliyokula Mbele ya Mama Mkwe

Nimewahi kula udongo mbele ya mama mkwe wangu. Nalitaja mapema ili mwenye kucheka acheke kabisa tuendelee, maana hapa kwetu Mkiwa habari hii imeshazunguka mno na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, kuna wanaosema nilikula sahani nzima (uongo, ilikuwa kipande kimoja na kidogo cha pili), kuna wanaosema nililia (hilo tuliache). Mwenye mkasa ni mimi, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Jina langu Yona, ila wengi wananiita Baba Jesca, kwa binti yangu wa kwanza. Nina mashine ya kukamua alizeti, nyuma kidogo ya barabara kuu. Wakulima wanaleta magunia, mimi nakamua, wanaondoka na mafuta, mashudu, yale makapi yanayobaki, tunaelewana. Ni kazi ya kubeba, na mimi kubeba nilikuwa najua, sijisifu. Lakini msimu uliopita nilianza kuchoka uchovu ambao sikuuelewa. Nikinyanyua gunia moja moyo unakwenda mbio utadhani nimefukuzwa na mbwa, nikipanda kingazi cha kumwagia alizeti kwenye mashine nasimama katikati kuvuta pumzi, na jioni nikifika nyumbani naangukia kiti, nikisemeshwa najibu "mm" na kunyamaza. Mke wangu Rehema akadhani nimenuna. Vijana wa mashine wakadhani uzee umeingia, wakaanza kunisogezea kigoda bila kuambiwa, jambo lililoniudhi kuliko uchovu wenyewe.

Nikaenda zahanati. Wakanitoboa kidole, wakatazama kimashine chao, wakaniambia damu ni kumi na nne. "Baba, damu unayo ya kutosha, punguza kazi, kunywa maji." Nikarudi nimefurahi na bado nimechoka. Sasa mtu ukishaambiwa na wenye vipimo kwamba u mzima, malalamiko utayapeleka wapi tena? Nikanyamaza, nikaendelea na magunia yangu na chai yangu ya rangi (mimi chai ya rangi ilikuwa haikatiki, asubuhi, mchana na ugali, jioni na ugali tena, nyeusi tii, sukari nyingi).

Ndipo uchu ukaja. Ilinyesha mvua ya kwanza, udongo mkavu ukatoa ile harufu yake, mimi nimesimama mlangoni mwa mashine mate yakanijaa mdomoni kama mtu aliyepitishiwa nyama choma. Nilidhani ni kwa siku ile. Haikuwa. Ikawa nikipita kwenye nyumba ya tope iliyolowa napunguza mwendo. Siku moja nikajikuta nimeegemea ukuta wa stoo nikinusa. Kunusa tu, lakini mwanaume mwenye ndevu, baba wa watoto wanne, ananusa ukuta.

Pale stendi kuna mama mmoja, Mama Hadija, anauza karanga, ubuyu na pemba, ule udongo uliofinyangwa vidole vidole ukakaushwa, ambao wajawazito wanautafuna. Mwanaume hasogei kwenye sinia la pemba kama nyumbani kwake hakuna habari njema, hilo kila mtu analijua. Mimi nilisogea. Nikajifanya naangalia karanga, mkono ukaenda kwenye pemba wenyewe.

"Ya nani hiyo, Baba Jesca?" akaniuliza, macho yameshachangamka.

"Ya Mama Jesca."

Basi, kosa langu ni hilo, maneno matatu. Ningesema ni yangu angenicheka mpaka jioni, kesho yake angesahau. Lakini niliona nimejibu vizuri kweli, nikaondoka na pemba yangu mfukoni, nikaenda kujificha nyuma ya magunia ya mashudu nikala. Jamani, nisidanganye, ilikuwa tamu. Nikawa mteja. Akiniona kwa mbali ananifungia kabisa, ananipa na ya nyongeza, anasema, "Mpelekee mwenzio, mwambie namwombea." Namwitikia asante.

Ikafika siku ya gulio. Rehema akaenda kununua nyanya. Kumbe Mama Hadija alikuwa anamsubiri kwa hamu, alipomwona tu akapiga kigelegele, gulio zima likageuka. "Hongera jamani! Mbona tumbo halionekani? Mama Jesca, una siri wewe! Ila pemba punguza mama, baba anakubebea nyingi mno, utapata choo kigumu!" Wanawake wakamzunguka, mmoja akamshika tumbo, mwingine akamwambia hii ya sasa ni ya kiume, ameiona usoni. Na Rehema (hapa ndipo najua nilioa mtu) akatabasamu, akasema "Asanteni jamani," akaondoka. Nyanya hakununua.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mkeka, koti langu la kazini liko mapajani.

"Baba Jesca, hii ni nini?"

"Pemba."

"Ya nani?"

Sasa hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kusema ni "yangu". Lakini nilimtazama mke wangu, nikajitazama mimi, nikaona itakuwaje mwanaume mzima, niliyepimwa nikaambiwa damu ipo, sina ugonjwa wa kusingizia, nimwambie mke wangu nakula udongo kwa utamu? Mdomo ukatangulia.

"Ni ya mtu."

Akaliweka koti chini.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Na huyo mtu tu, ana miezi mingapi?"

Nikaelewa nilichokisema kikiwa kimeshatoka. Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozama, maana nilikuwa nakana mwanamke bila kutaja pemba ni ya nani. Asubuhi Rehema akamfunga mtoto wa mwisho mgongoni, akachukua ile pemba akaifunga kwenye pindo la kitenge, akapanda gari la kwenda kwao. Nilibaki na wale watatu wakubwa, na Jesca, yuko kidato cha pili, akawa ananipikia ugali na kuubwaga mezani.

Siku chache baadaye nikaitwa ukweni. Mnajua ukiitwa hivyo huendi peke yako, unakwenda na mshenga wako, yule yule aliyekupelekea posa, maana aliyekuombea mke ndiye anayejibu ukimkosea. Mshenga wangu ni Baba Salma, jirani yangu, mtu wa swala tano na mdomo mtamu, ndiyo maana nilimtuma wakati ule. Tukapanda pikipiki yake. Katikati ya njia akasimama, akazima, akageuka.

"Yona, niambie ukweli, kabla hatujafika. Nani mwenye hiyo pemba?"

"Mimi. Naila mwenyewe."

"Sawa, kama hutaki kuniambia, basi. Lakini maneno hayo usiyapeleke kule, watasema tunawadharau. Mimi nitakubali kosa kwa niaba yako, watatupiga faini ya mbuzi, leo leo tunarudi na mke."

"Nikubali mwanamke ambaye hayupo?"

"Bora mwanamke ambaye hayupo kuliko mwanaume anayekula udongo."

Akawasha pikipiki. Na mimi, Mungu anisamehe, njia nzima iliyobaki nilikuwa naona kama ana hoja.

Tulikuta wamekaa. Baba mkwe, Mzee Mghenyi, kwenye kiti chake, ndugu zake wawili pembeni, Rehema chini kwenye mkeka ameinamisha kichwa. Mama mkwe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Kwetu mkwe na mama mkwe tunaheshimiana kwa kupishana: nikiwa sebuleni yeye yuko jikoni, nikiletewa chakula yeye haonekani, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniona nikitia tonge mdomoni. Nikasema shikamoo, mzee akaitikia marahaba ya baridi. Na mezani, juu ya kitambaa cheupe cha kufumwa, wameiweka pemba. Hakuna soda, hakuna maji. Pemba tu.

Baba Salma akafungua kazi. Akasema kijana amekosa, binadamu hakosi kukosa, tumekuja kuomba msamaha.

"Kwa hiyo mwanamke yupo," akasema mzee.

"Yupo, mzee wangu."

"Wa wapi?"

Hili hatukuwa tumelipanga. Baba Salma akakohoa. "Wa... Mitundu."

"Mtoto wa nani?"

"Ukoo wake bado tunaufuatilia, mzee."

"Na mimba?"

"Changa. Changa sana."

Mzee akatikisa kichwa, akatazamana na ndugu zake, akasema kwa utaratibu kabisa kwamba basi, mbuzi atalipwa, na mtoto akizaliwa ataletwa alelewe na Rehema pamoja na wenzake, kwa sababu damu haitupwi. Nikaona Rehema anainuka kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, nimewasikia. Lakini mimi kwa huyu sirudi." Na namjua Rehema, akisema kwa kelele atabadilika, akisema polepole ndiyo imeisha.

Hofu iliyonishika pale sijawahi kuipata. Nikasimama, nikasahau adabu yote.

"Hakuna mwanamke! Hakuna mtu Mitundu! Mitundu kwenyewe sijawahi kufika! Pemba naila mimi!"

Baba Salma akafumba macho.

Mzee akaniuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Unaumwa, Yona?"

Na mimi (ona sasa nilivyo) nikajibu kwa kujiamini, "Hapana baba, nilipima, damu kumi na nne."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza. Ningesema naumwa wangenihurumia. Mzima wa afya, kwa kipimo cha serikali, anadai anakula udongo! Mmoja wa wale wazee akacheka puani. Mzee Mghenyi akanyoosha kidole mezani.

"Kula."

"Baba..."

"Umesema ni yako. Kula tuone."

Nikaichukua. Niliapa moyoni nitakula kistaarabu, kipande kidogo, basi. Lakini sikuwa nimeionja tangu Rehema aondoke nayo, na ilipofika karibu na uso, nikanusa. Nikafumba macho. Nikavuta ile harufu ya mvua mpaka ikafika kisogoni, nikalamba kwanza ilainike, kisha nikavunja kipande, nikakitafuna polepole, na nilipomaliza nikajikuta nachukua kingine, wakati hakuna aliyeniambia niendelee.

Pazia likafunguka. Mama mkwe wangu akatoka, akasimama katikati ya sebule ananitazama, mimi mdomo umejaa, unga wa udongo kwenye ndevu, siwezi kumeza, siwezi kutema. Nikasema shikamoo mama. Udongo ukaruka.

"Mwacheni huyo," akasema. "Hasemi uongo. Hamjaona? Amenusa kwanza. Mwongo angetafuna kama karanga. Mimi nimezaa tisa, huyo najua anachokula."

Halafu akashika kiuno akacheka, akacheka mpaka akakalia ukingo wa kiti, na wazee nao wakaachia, nyumba nzima ikacheka isipokuwa watu watatu. Mimi. Rehema. Na Mzee Mghenyi, ambaye alimgeukia Baba Salma na kumuuliza, "Sasa yule wa Mitundu ni nani?" Mbuzi wa faini akawa wa Baba Salma, kwa kudanganya mbele ya wazee, na mpaka leo ananikumbusha.

Rehema aliniambia maneno yake nje, tukiwa wawili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Na kuniletea mke mwenza hukuona?"

Lakini alirudi nyumbani, kwa sharti moja, kwamba nitakwenda kupimwa hospitali kubwa mjini Singida na yeye atakuwepo ndani, asikie kwa masikio yake.

Daktari alikuwa binti mpole. Nikamwambia nilishapimwa, damu ipo. Akapima tena, ipo kweli. Halafu akasema kuna kipimo kingine, cha akiba ya madini chuma, hicho zahanati hawana, akachukua damu ya mkononi na kunipima choo pia, kwa sababu mwanaume akipungukiwa madini lazima ujue yanapotelea wapi, kama ni minyoo au kidonda tumboni. Tuliporudi kuchukua majibu akauliza, "Mnalima?" Tukasema tunalima. "Basi baba, chungu chako jikoni kimejaa, anayechungulia anaona chakula kipo. Kihenge cha nafaka ndicho kitupu. Zahanati walichungulia chungu, hawakukosea." Akasema mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha na akiba imekwisha, na uchovu ule, moyo kwenda mbio, hata uchu wa udongo, vinaweza kuja kabla damu yenyewe haijashuka. Na udongo wenyewe ndio unaozidi kuzuia madini yasiingie mwilini. Na chai niliyokuwa nashushia ugali, vivyo hivyo. Yaani nilikuwa naziba mlango wa kihenge kwa mikono yangu mwenyewe.

"Choo ni safi," akasema. "Unachangia damu?"

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti, maana hilo ni jambo langu la kujivunia. "Kila nikiruhusiwa. Miezi mitatu ikiisha, nipo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jesca azaliwe."

Rehema akageuka. Alijua nimewahi kuchangia mara moja mbili, safari nyingine zote nilikuwa naunganisha na za kufuata vipuri vya mashine, sikuona cha kusimulia. Ikabidi niseme, na nikasema nikimtazama daktari kwa sababu kumtazama Rehema sikuweza, kwamba siku ile ya Jesca damu ilimtoka mke wangu mpaka midomo ikawa myeupe, wakamtundikia chupa za watu nisiowajua, nikaahidi pale mlangoni kwamba nitazirudisha. Ahadi ile haikuwa na mwisho, kwa hiyo nami sikuacha. Rehema alinishika mkono mbele ya daktari, jambo ambalo watu wazima kwetu hawalifanyi, akaushikilia mpaka tulipotoka.

Basi nikaandikiwa vidonge, leo nakunywa, kesho napumzika, tumbo likiwa tupu na maji ya ndimu. Chai isogee mbali na chakula. Nyama, dagaa na maharage nipate kila ninapoweza, mlenda uendelee. Kuchangia damu, ambako ndiko kihenge kilikotobokea, nisimame mpaka kijae, nirudi kupimwa. Akanionya choo kitakuwa cheusi, nisiogope, na nilipokiona nikaogopa vilevile, nikampigia Rehema simu nikiwa chooni. Uchu wa pemba uliondoka kwanza, uchovu ulichelewa, ila siku moja nikagundua nimepanda kingazi cha mashine bila kusimama katikati. Nikashuka, nikapanda tena kuhakikisha.

Ukweni mambo yamebadilika. Wakichinja, mama mkwe ananitumia maini, yamefungwa vizuri, na anayeyaleta anaagizwa aseme kwa sauti, "Ya mjamzito wetu." Nayala. Nimeshapimwa tena, akiba inapanda, daktari amesema siku moja nitarudi kuchangia, ila kwa kuachia nafasi ndefu zaidi, na safari hii Rehema ndiye atakayesema lini.

Sasa juzi mdogo wake Rehema amekuja kukaa kwetu, ana mimba kweli. Jumamosi natoka akaniita, "Shemeji, ukipita stendi niletee pemba." Nikasahau kila kitu, nikaenda, nikasimama mbele ya sinia. Mama Hadija akakunja mikono.

"Ya nani?"

"Ni ya mtu," nikasema. Na ilikuwa kweli!

Stendi nzima ililipuka. Kondakta wa basi alishika mlango asianguke. Mama Hadija akafunika sinia kwa kanga, akasema Rehema amempiga marufuku kuniuzia, hata nije na mtu mwenyewe. Nikarudi mikono mitupu, nikamwambia shemeji Jumatatu nampeleka kliniki akapimwe, chungu na kihenge, vyote viwili, na nikaapa mbele yake: kuanzia leo kilicho changu nitasema ni changu, hata kama ni tope, na cha mtu, mtu huyo akakinunue mwenyewe.